Sabuni za bakteria na seli za saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti, watu waliosoma kichwa cha habari kinachosema bakteria wa udongo wanaua saratani, na wale wanaouguza. Majibu yamepewa namba ili moja likigusa jingine tukuelekeze huko badala ya kurudia. Kama unaumwa au unauguza, ruka moja kwa moja hadi swali la 14.

## Mambo ya msingi

1. Bayosafaktanti ni nini hasa?

Ni molekuli zinazotengenezwa na vijidudu, zenye pande mbili zisizopatana: upande mmoja unapenda maji, wa pili unayakimbia na kufuata mafuta. Zikiwekwa majini hukimbilia pale maji yanapopakana na kitu kingine, iwe hewa, mafuta au utando wa seli, na kujipanga hapo. Zikishajipanga, mvutano wa uso wa maji hushuka. Maji safi yana mvutano wa takribani milinewtoni 72 kwa mita. Tone la surfaktini, ambayo ndiyo bayosafaktanti inayojulikana zaidi, huushusha hadi karibu 27.

Sabuni ya kufulia hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ndiyo maana watu wengi huziita sabuni za bakteria. Jina hilo halina kosa, na ukilikumbuka muda wote unaposoma ukurasa huu utaelewa nusu ya mabishano yaliyomo kwenye fani hii.

2. Bakteria wanazitengeneza za nini?

Kwa shida zao wenyewe. *Bacillus subtilis* huteleza juu ya ute wa surfaktini ili kundi zima lihamie penye chakula. Wanaokula mafuta huzitumia kuyavunjavunja yawe matone madogo wanayoweza kuyafikia. Wengine huwapiga nazo fangasi walio jirani.

Wengine hutupiga nazo sisi. *Pseudomonas aeruginosa*, anayesumbua sana kwenye vidonda vya moto na kwenye mapafu ya wagonjwa dhaifu, hutoa ramnolipidi zinazovunja seli nyeupe za damu zinapomsogelea. Yaani molekuli ileile inayoandikwa kwamba inaua seli za saratani, kazi yake ya asili mojawapo ni kuua askari wa mwili wetu. Jambo hilo halipo kwenye vichwa vya habari.

3. Zipo za aina gani?

Zinazotajwa sana kwenye habari za saratani ni makundi mawili.

Lipopeptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino uliounganishwa na mkia wa mafuta. Surfaktini ina asidi amino 7 zilizofungwa kama pete, na mkia wenye kaboni 13 hadi 15. Ituruni nayo ina 7, fenjisini ina 10. Zote tatu hutoka kwa *Bacillus*, na mara nyingi bakteria mmoja huzitoa zote kwa pamoja, jambo linalowasumbua sana watafiti (tazama swali la 19).

Glaikolipidi zina sukari badala ya asidi amino. Ramnolipidi za *Pseudomonas* ndizo maarufu. Utakutana pia na soforolipidi na MEL (kifupi cha lipidi za manosilerithritoli), lakini hizo hutengenezwa na hamira na jamaa zake, si bakteria. Makala nyingi huzichanganya zote kwenye kapu moja.

4. Ni kweli moja iligunduliwa Kongo?

Ni kweli. Ituruni ilitolewa kwa *Bacillus subtilis* aliyepatikana kwenye udongo wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, enzi za ukoloni wa Ubelgiji. Taarifa yake ilitoka mwaka 1957, na jina limebaki la mahali. Ilivutia kwa sababu inaua fangasi vizuri kuliko inavyoua bakteria. Habari za saratani zilikuja miongo mingi baadaye.

Surfaktini yenyewe ilitangazwa Japani mwaka 1968, na walioitangaza hawakuwa wakitafuta sabuni wala dawa ya saratani. Walichokiona ni kwamba inazuia damu kuganda. Weka hilo akilini hadi swali la 11.

## Kinachoonekana maabara

5. Tafiti zimeonyesha nini?

Zimeonyesha kwamba seli za saratani zilizokuzwa maabara, zikimwagiwa surfaktini, ituruni, fenjisini au ramnolipidi, huacha kugawanyika na nyingi hufa. Mwaka 2007 ilitoka taarifa ya surfaktini dhidi ya LoVo, ukoo wa seli za saratani ya utumbo mpana: seli zilisimama katikati ya mzunguko wa kugawanyika, na njia mbili za mawasiliano ndani ya seli ambazo huzihimiza kukua, ERK na PI3K/Akt, zilinyamaza. Baadaye yakaja matokeo ya namna hiyo kwa MCF-7 za saratani ya titi, K562 za saratani ya damu na HepG2 za ini. Ituruni A imejaribiwa kwa MDA-MB-231, seli za titi zisizosikia dawa za homoni, na fenjisini kwa seli za mapafu na utumbo.

Hizi koo za seli ni za nini? Ni seli zilizotolewa kwa mgonjwa zamani na kuendelea kukuzwa vizazi na vizazi. MCF-7 zilianzia kwenye maji ya kifuani ya mgonjwa mmoja wa Marekani mwaka 1970. Zimeishi kwenye plastiki kwa zaidi ya nusu karne bila mishipa ya damu, bila kinga ya mwili na bila ini la kusafisha sumu. Zina faida kubwa kwa sayansi, lakini kinachoziua kinaweza kushindwa kabisa ndani ya mtu.

6. Zinauaje seli?

Kuna majibu mawili, na yote mawili yana ushahidi.

Jibu la kwanza ni la kistaarabu: molekuli huingia kwenye utando, hubadilisha mpangilio wake, na ndani ya seli ishara za kujiua kwa utaratibu huanza. Mitokondria huvuja, vimeng'enya viitwavyo kaspesi huamka, kiini hukatwakatwa na seli hujifunga vipandevipande bila kumwaga uchafu wake. Hiyo ndiyo apoptosisi, na ndiyo kila mtafiti wa saratani hutamani kuiona.

Jibu la pili ni la sabuni. Molekuli zikiwa nyingi, zinapenya utando kila upande, utando unapasuka na vilivyomo vinamwagika. Hakuna ishara wala mpangilio. Seli imechanwa tu.

Dozi ndiyo huamua lipi litokee. Surfaktini huanza kujikusanya majini kuwa mafungu madogo, yaani misela, ikifika kiasi cha mikromola 10 au zaidi kidogo, kutegemea chumvi iliyopo. Hapo ndipo tabia yake ya sabuni hukomaa. Sasa angalia dozi zilizotumika kwenye tafiti nyingi za saratani: makumi ya mikromola, yaani pale pale au juu yake. Kwa maoni yetu, makala isiyosema dozi yake iko wapi ukilinganisha na kiwango cha misela haijajibu swali la muhimu kuliko yote.

7. IC50 ni nini na namba yake nzuri ni ipi?

Ni kiasi cha dawa kinachopunguza uhai au ukuaji wa seli kwa nusu ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida saa 24, 48 au 72. Namba ikiwa ndogo, dawa ina nguvu zaidi. Lakini IC50 peke yake haina maana bila muda, bila aina ya seli, na bila IC50 ya seli zisizo na saratani kando yake.

Tuchukue mfano wa mikromola 30. Kwa surfaktini hiyo ni takribani miligramu 31 kwa lita. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu, kwa hiyo ili damu pekee ifikie kiwango hicho unahitaji miligramu 155 hivi, zote zikiwa huru bila kushikwa na protini yoyote na bila kutoka nje ya mishipa. Hazitakaa hivyo hata dakika chache (swali la 10).

8. Mbona mnapunguza uzito wa matokeo? Si zimeua asilimia kubwa ya seli?

Kuua seli za saratani kwenye kisahani si kazi. Hata Jiki inaziua, tena asilimia 100, na hakuna anayeiita dawa. Maabara zenyewe huweka sabuni kali iitwayo Triton X-100 kwenye vishimo vichache vya kila kisahani kwa makusudi ya kupata kipimo cha seli zote kufa, ili nyingine zilinganishwe nazo. Kwa hiyo molekuli ya jamii ya sabuni inapoua seli, jambo hilo ndilo tulilolitegemea. Habari huanza pale inapoua za saratani na kuziacha nyingine.

9. Je, haziziachi seli nzuri?

Hapa ndipo penye mzozo wenyewe.

Wanaotetea wanasema utando wa seli ya saratani ni tofauti. Hilo ni kweli: mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo kwa seli yenye afya hufichwa upande wa ndani, kwa seli nyingi za saratani hujitokeza nje na kuufanya uso wake uwe na chaji hasi zaidi. Hoja hiyo hutumika sana kwa peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) zenye chaji chanya, maana chanya na hasi huvutana. Watu wakaibeba kama ilivyo na kuiweka kwenye surfaktini. Tatizo ni kwamba surfaktini yenyewe ina chaji hasi mbili, moja ya asidi ya glutamiki na nyingine ya asidi ya aspatiki. Hasi kwa hasi hazivutani. Kalsiamu inaweza kukaa katikati na kusuluhisha, ila hiyo si hoja ileile tena. Ukiona makala inaeleza uchaguzi wa surfaktini kwa chaji bila kuitaja kalsiamu, mwandishi amenakili.

Hoja ya kolesteroli ina nguvu zaidi. Kwenye tando za kutengeneza, kolesteroli hupunguza uwezo wa surfaktini kupenya, hivyo seli zenye utando wa kolesteroli kidogo zingeumia zaidi. Ila koo za saratani hazifanani kwa kolesteroli. Nyingine zinayo tele. Na ituruni ni kinyume chake, yenyewe huishika kolesteroli na kutoboa matundu kupitia hiyo.

Kwa ramnolipidi, utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Applied Microbiology and Biotechnology ulitoa jibu ambalo halikuwafurahisha wengi: seli za saratani na seli za kawaida ziliumia sawasawa, na kuumia kwenyewe kulifuata kushuka kwa mvutano wa uso wa majimaji yaliyozizunguka. Zipo tafiti nyingine zinazoonyesha seli za kawaida zikistahimili kidogo. Tofauti hiyo ikiwa ya mara mbili au tatu haitoshi. Dozi ya mgonjwa haipimwi kwa usahihi huo katika kila kona ya mwili.

10. Kwa nini matokeo ya maabara mbili hayafanani hata kwa seli zilezile?

Angalia kwanza seramu. Seli hukuzwa kwenye majimaji yaliyoongezwa seramu ya ndama, kwa kawaida asilimia 10, na seramu ina albumini, protini inayopenda kubeba mafuta. Albumini huzishika lipopeptidi na kuzifunga mikono. Mtafiti aliyeondoa seramu siku ya kuweka dawa atapata IC50 ndogo na makala ya kupendeza. Aliyeiacha atapata kubwa. Damu ya mtu haijapunguzwa hadi asilimia 10. Ina albumini gramu 35 hadi 50 katika kila lita. Kwa hiyo anayejaribu bila seramu yuko mbali zaidi na mgonjwa.

Sababu nyingine ni usafi wa molekuli (swali la 19) na urefu wa mkia wa mafuta, kwani surfaktini yenye kaboni 15 haina nguvu sawa na yenye 13.

## Kutoka kwenye kisahani hadi kwa mgonjwa

11. Kikwazo kikubwa ni kipi?

Damu. Njia ya zamani ya kumtafuta bakteria anayetoa bayosafaktanti ni kumpanda kwenye sahani ya agari iliyochanganywa na damu. Kesho yake ukiinua sahani kwenye mwanga unaona kundi la bakteria, na kulizunguka duara linalopitisha mwanga, mahali ambapo wekundu umetoweka. Seli nyekundu zimepasuka. Yaani dalili tunayoitumia kumtambua ndiyo madhara tunayoyaogopa kwa mgonjwa. Ongeza kwamba surfaktini huzuia damu kuganda, kwa mgonjwa ambaye pengine kemo imeshamshushia chembe za kugandisha damu.

Hilo halifungi mlango. Amfoterisini B nayo hushambulia utando, hutoka kwa bakteria wa udongo, na kwa miaka mingi wagonjwa walikuwa wakitetemeka kwa homa na kuumia figo wakipewa. Ilipofungashwa ndani ya vifuko vya mafuta ikawa salama zaidi, na sasa hutumika kutibu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi kriptokokasi, na baadhi ya wagonjwa wa kalaazari, hapa kwetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo molekuli katili inaweza kufundishwa adabu, ila kazi hiyo ilichukua miongo.

12. Kuna bayosafaktanti iliyosajiliwa kuwa dawa ya saratani?

Hakuna. Kwa ugonjwa mwingine yupo ndugu wa karibu: daptomisini, lipopeptidi ya *Streptomyces roseosporus*, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kutibu maambukizi sugu ya ngozi, na baadaye ya damu. Inahitaji kalsiamu ili ifanye kazi, na inachagua tando za bakteria kweli kweli. Lakini haitumiki kwa nimonia. Mapafu yetu yana safaktanti yake yenyewe, ile inayozuia vifuko vya hewa visinywee, na ile ya mapafu huinasa daptomisini ikapoteza nguvu. Iligundulika baada ya dawa kushindwa kwenye majaribio ya wagonjwa wa nimonia. Ndani ya kisahani hakuna mapafu, kwa hiyo kisahani kisingewaambia.

Usichanganye na dawa za saratani zinazotoka kwa bakteria kwa njia nyingine. Doksorubisini, ile dripu nyekundu ambayo wagonjwa wa kemo wanaijua kwa rangi kabla ya jina, hutoka kwa *Streptomyces*. Bleomaisini pia, na daktinomaisini pia. Hakuna hata moja kati yake iliyo bayosafaktanti. Kwa hiyo kauli kwamba bakteria hutoa dawa za saratani ni kweli na ya zamani. Kauli kwamba sabuni zao ni dawa ya saratani haijathibitishwa.

13. Basi pana matumaini wapi?

Tungeweka pesa yetu kwenye kubeba mzigo. Molekuli inayopenda maji na mafuta kwa wakati mmoja inaweza kutengeneza vifurushi vidogo mno vyenye dawa nyingine ndani. Vifurushi vya surfaktini vilivyobeba doksorubisini vimejaribiwa kwa seli za MCF-7 zilizokuwa sugu kwa dawa hiyo, na kwa panya wenye uvimbe. Seli sugu huitema doksorubisini nje kwa pampu. Ikifika ndani ya kifurushi hutemwa kidogo zaidi. Hapa surfaktini haitakiwi kuua. Inatakiwa kufungua mlango, na kwa dozi ya chini kuliko ile inayopasua damu.

Njia nyingine ni kupaka au kudunga mahali uvimbe ulipo badala ya kuzungusha dawa mwili mzima. Saratani za ngozi zingefaa kwa hilo, ingawa kuna safari ndefu bado.

Ukiuliza itachukua muda gani, jibu la haki ni kwamba hata dawa zinazofika hatua ya kujaribiwa kwa watu huanguka nyingi. Kwa takwimu za 2006 hadi 2015, katika kila dawa 100 za saratani zilizoanza awamu ya kwanza, kama 5 tu ndizo zilizofika sokoni. Surfaktini haijaanza hata hiyo awamu.

## Kwa mgonjwa na anayeuguza

14. Mama ana saratani ya titi. Kuna mtu anatuuzia "dawa ya bakteria" kwenye chupa. Tumpe?

Poleni sana na kuuguza. Msimpe.

Hakuna bidhaa ya namna hiyo iliyosajiliwa na TMDA ya Tanzania, na Kenya kazi hiyo ni ya Pharmacy and Poisons Board. Mkitaka kuhakikisha jina lililoandikwa kwenye chupa, ulizeni huko. Kilichomo ndani hakijulikani. Kikiwa kweli bayosafaktanti, yaani sabuni ya bakteria, kwa mdomo huenda kisifike popote, na kwa sindano ni hatari kwa sababu zilizo kwenye swali la 11. Muuzaji anaweza kuwaonyesha makala ya kisayansi ya kweli kabisa. Mwombeni awaonyeshe ukurasa unaotaja wagonjwa. Atakachokuwa nacho ni seli.

Hasara kubwa kuliko pesa ni muda. Saratani ya titi ikiwahiwa hutibika kwa upasuaji, mionzi, kemo au vidonge vya homoni, na miezi mitatu ya kujaribu chupa inaweza kuisogeza hatua. Kama mama ameshaanza tiba Ocean Road, Kenyatta, Mulago au kwingine, na kuna kitu ameshakunywa, mwambieni daktari bila kuogopa kugombezwa. Anahitaji kujua kabla ya kupanga dozi inayofuata.

15. Je, mtindi, togwa au natto vinaweza kusaidia?

Bakteria wa maziwa mgando hutoa bayosafaktanti kidogo, nyingi zikiwa zimeng'ang'ania kwenye ganda la bakteria mwenyewe. Natto, soya iliyovundikwa ya Wajapani, ina surfaktini kwa sababu huvundikwa kwa *Bacillus subtilis*. Hakuna ushahidi kwamba kula vyakula hivi hutibu saratani.

Ni vyakula vizuri, na mgonjwa asiye na hamu ya kula mara nyingi mtindi humpita kooni pale ugali unapokataa. Tahadhari moja: kemo ikishusha seli nyeupe, muulize muuguzi kabla ya kumpa kitu kilichochachuliwa nyumbani au maziwa yasiyochemshwa.

16. Na vidonge vya "probiotiki" vyenye Bacillus subtilis?

Jibu ni lile la swali la 15, na tahadhari ni ileile kwa mtu aliye kwenye kemo.

17. Nimesikia zimo kwenye dawa za kilimo, vipodozi na sabuni za vyombo. Zitanidhuru?

Zimo, na hapo ndipo zilipofaulu kweli. Serenade, dawa ya kukinga mimea na magonjwa, imetengenezwa kwa *Bacillus* QST 713 (zamani akiitwa *Bacillus subtilis*) anayetoa surfaktini, ituruni na fenjisini. Kiwanda kikubwa cha ramnolipidi cha Evonik kilianza kazi Slovakia mwaka 2024, kwa ajili ya sabuni na vipodozi. Huoza haraka kwenye mazingira. Kupitisha mkononi na kusuuza ni tofauti kabisa na kuziingiza kwenye mshipa.

## Kwa mwanafunzi anayetaka kuifanyia utafiti

18. Nianzie wapi kama maabara yetu ni ya kawaida?

Sehemu ya kumtafuta bakteria haina gharama. Chukua udongo wenye mafuta, wa gereji kwa mfano, wakuze, kisha mwaga maji kwenye kisahani, ongeza tone la mafuta machafu ya injini litande juu, na udondoshee katikati majimaji ya bakteria wako yaliyochujwa. Kama kuna bayosafaktanti, mafuta yatakimbia ghafla kuelekea ukingoni na kuacha duara safi. Pima kipenyo chake. Agari ya damu isiwe kipimo chako pekee: kuna bakteria wanaopasua damu kwa sumu nyingine, na kuna bayosafaktanti zisizopasua.

Mtambue bakteria kabla ya kumkuza kwa wingi. Ukiona kijani-buluu na harufu tamu kama ya zabibu, kuna uwezekano una *Pseudomonas aeruginosa* mkononi, na huyo si wa kuchezea bila kabati la usalama.

Sehemu ya seli za saratani ndiyo ghali. Tafuta maabara ya kushirikiana nayo badala ya kuanzisha yako kwa ajili ya tasnifu moja.

19. Naweza kutumia dondoo ghafi?

Unaweza kwa uchunguzi wa mwanzo, lakini usiandike kwamba "surfaktini imeua seli". Ukiongeza asidi hadi pH 2, surfaktini hudondoka chini, na pamoja nayo ituruni, fenjisini, protini na takataka za asidi mafuta. Tope hilo la rangi ya maziwa ni mchanganyiko. Lazima upitishe kwenye HPLC (mashine inayotenganisha molekuli) na kupima uzito wa molekuli kabla ya kulipa jina.

Kwa ramnolipidi kuna mtego mwingine. *Pseudomonas* ana endotoksini kwenye ganda lake, nayo huchokoza seli kwa kiasi kidogo sana. Usipoipima, hujui aliyefanya kazi ni nani.

20. Nitatofautishaje apoptosisi na kupasuka?

MTT peke yake haitoshi. Inapima kama seli bado zinageuza rangi ya njano kuwa zambarau, haisemi zimekufaje. Pima LDH, kimeng'enya kinachovuja utando ukitoboka: kikitoka kwa wingi ndani ya saa moja au mbili, ni sabuni. Kipimo cha aneksini V hutafuta fosfatidilserini iliyojitokeza nje, lakini utando ukiwa na matundu aneksini huingia ndani na kuikuta huko, kwa hiyo kiambatanishe na propidiamu, rangi inayoingia tu kwenye seli zilizotoboka, na uangalie saa za mwanzo, si siku ya pili wakati zote zimeshachanika.

Kisha weka seli za kawaida za kiungo kilekile, weka seli nyekundu za damu, weka seramu, na weka sabuni ya kiwandani kwa kiasi kinachoshusha mvutano wa uso sawa na molekuli yako. Hiyo ya mwisho wengi huikwepa. Kama sabuni ya dukani inatoa matokeo sawa na yako, ulichopima ni usabuni.

21. Kuna zinazofanya kitu kingine kando ya kuua?

Zipo, na ndizo zinazovutia zaidi. MEL, ile ya jamaa za hamira, ilionekana katika miaka ya 1990 ikizifanya seli za saratani ya damu za HL-60 zikomae na kuanza tabia za seli nyeupe za kawaida. Kukomaa si kupasuka, na sabuni haiwezi kukueleza hilo kirahisi. Matokeo ya namna hiyo bado ni ya kisahani, lakini swali lake ni zuri kuliko la "zimekufa ngapi".

22. Mbona BCG inatibu saratani ya kibofu? Si bakteria yule?

Ni bakteria, lakini njia ni nyingine kabisa. BCG, chanjo ya kifua kikuu, imekuwa ikiingizwa hai ndani ya kibofu tangu taarifa ya kwanza ya 1976, na kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili ivamie uvimbe uliobaki ukutani baada ya kukwanguliwa. Inahitaji askari wale wale ambao ramnolipidi huwavunja.